Dirisha Lenye Dhamana

Bibi alipoteza macho yake siku ya Jumanne, mchana kweupe, mbele ya wageni, na aliyempotezea ni mwanawe wa kumzaa. Hakuanguka, hakuugua, hakuingiwa na mchanga. Alisema neno moja mahali lisipotakiwa, basi.

Wageni walikuwa mwalimu wa hesabu na mkewe, wamekuja kununua madirisha. Mwana wa Bibi alikuwa wakala wa madirisha ya vioo pacha, na mtaani walimwita Dhamana, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Sebule yake ndiyo iliyokuwa duka lake. Alibomoa ukuta wa mbele, akatia dirisha moja pana, na wateja walikalishwa kwenye kochi wakilielekea kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.

"Vioo viwili," alisema Dhamana, akigonga kwa ukucha. "Katikati kuna hewa kavu iliyotiwa kiwandani, ikafungwa kwa mpira. Kelele haipiti, vumbi halipiti, joto halipiti, baridi haipiti."

"Na mwizi?" aliuliza mke wa mwalimu.

"Mwizi atatafuta mlango, mama. Hapa hana lake. Na juu ya yote, dhamana ya miaka kumi."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake pembeni mwa dirisha, akishona kifungo cha shati. Kiti hicho kilikuwa chake tangu alipoacha kushona sare za shule kwa riziki. Kutoka hapo alisalimiana na mtaa mzima, na alijua nani amegombana na nani kwa kuangalia tu wanavyopishana. Aliinua kichwa ajue ni nani aliyepita, akakosa.

"Hapa dirishani kuna ukungu," alisema. "Tangu mvua zile, ukungu mtupu. Na ukifuta haufutiki."

Dhamana alicheka kile kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu na hataki kutazama ni nini.

"Msameheni mama yangu," alisema. "Siku hizi anaona ukungu. Umri, mnajua tena."

Angalia kazi ilivyofanyika. Mama alisema dirishani kuna ukungu; mwana akasema mama anaona ukungu. Maneno ni yale yale, yamesogezwa kidogo tu, kama fundi mwizi anavyosogeza mshono ili kipande cha kitambaa kibaki kwake. Mke wa mwalimu aliweka mkono kifuani.

"Pole sana, Bibi. Huyo atakuwa mtoto wa jicho. Shangazi yangu alianza hivyo hivyo."

Bibi alifungua kinywa aseme kwamba hilo silo alilosema. Lakini mwanawe alimtupia jicho, lile lile alilokuwa akimtupia utotoni akishavunja kitu, na Bibi akanyamaza. Wageni waliweka sahihi, wakaondoka wakimpa pole tena mlangoni, na mwalimu akasema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, "UGUA POLE, BIBI!"

Tangu siku hiyo, kwa sababu walisikia haoni, watu wakaanza kumpigia kelele kana kwamba hasikii.

*

Mambo yangeweza kuishia hapo, uongo wa biashara, wa kupita. Lakini Dhamana alikuwa na mke mwema, na mke mwema ni hatari kwa mwongo.

"Kama Mama haoni, mbona hatumpeleki apimwe?" aliuliza mkewe jioni ile. Alikuwa msusi, mikono yake ilinukia mafuta ya nywele daima, na alimpenda mama mkwe wake kwa dhati. "Au mpaka aanguke ndiyo tulie?"

Dhamana alitafuta jibu, akakuta majibu yote yanaelekea dirishani. Kesho yake akampeleka Bibi kwenye duka la miwani.

Mpimaji alikuwa kijana wa koti jeupe, jeupe kuliko ujuzi wake. Alimwonyesha Bibi herufi ukutani, naye Bibi akazisoma mpaka mstari wa chini.

"Umri," alisema kijana, akiandika.

"Lakini nimezisoma zote."

"Umezisoma, Bibi, ila kwa shida. Umekunja uso."

"Nimekunja uso kwa bei niliyoiona pale kwenye rafu."

Kijana alimgeukia Dhamana, kwani ndiye aliyeshika pochi. Walitoka na miwani minene yenye fremu ya dhahabu isiyo dhahabu. Bibi alipoivaa, sakafu ya duka ilimpandia mpaka magotini. Alishuka ngazi za mlangoni akipapasa kwa mguu, mwanawe kamshika mkono, na wapita njia wakatikisa vichwa. Maskini, haoni kabisa yule.

Nyumbani mambo yalipangwa upya. Mkasi wake uliwekwa juu ya kabati. Cherehani ilifunikwa shuka. Chai ililetwa nusu kikombe, asije akajimwagia. Ufunguo wa mlango wa mbele ukaondolewa msumarini, na kila alipotaka kutoka kwenda dukani kununua uzi aliambiwa, "Subiri, Mama, utasindikizwa," na msindikizaji hakupatikana. Mambo hayo yote alifanyiwa kwa upendo, na ndiyo maana hakupata mahali pa kushika agombane. Mtu akikuonea unamjibu. Akikuhurumia utamjibu nini?

"Mbona uzi naupenyeza kwenye sindano bila miwani?" alimwuliza mkwewe siku moja.

"Mtoto wa jicho huanza na vya mbali, Mama. Ndivyo alivyosema mume wangu."

"Yeye kasomea wapi?"

Msusi alirudi kwenye kioo na kitambaa chake. Alikuwa na vita vyake mwenyewe. Kila asubuhi naye aliona weupe kwenye kioo, na Dhamana alishamwambia ni michirizi ya sabuni, ni kitambaa kichafu, ni uvivu wa mkono. Basi alifuta ndani, akazunguka akafuta nje, akarudi ndani. Alibadilisha sabuni. Alijaribu siki, akajaribu magazeti, akajaribu majivu. Weupe haukuondoka. Ndivyo walivyoishi, watu watatu na ukungu mmoja: mkwe aliambiwa ukungu ni wa kitambaa chake, mama aliambiwa ni wa macho yake, na dirisha halikuambiwa chochote kwa sababu lilikuwa na dhamana.

Kibaya zaidi, Bibi naye alianza kuamini. Ukungu ulizidi wiki hadi wiki, na yeye akawa anaamka asubuhi anakwenda dirishani kwanza kupima macho yake, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Akiona mtaa umekuwa mweupe zaidi, moyo unamshuka. Aliogopa. Tuseme wazi, aliogopa sana, usiku hakulala akiwaza atakavyokuwa anaongozwa chooni. Dhamana alipokuja kumwambia amepata nafasi kliniki ya macho, Jumatatu ya wiki inayofuata, wamtazame na ikibidi wapasue, alisema ndiyo bila kuuliza swali.

*

Jirani aliyeuza mayai na kufuga kuku uani kwake, aliyeitwa Mama Kuku mbele ya uso na nyuma ya mgongo, alikuja amefura.

"Bibi, nimekukosea nini? Jana nimekupungia mkono mara tatu, umenikodolea tu."

"Sikukuona, mwanangu. Macho yamekwisha. Jumatatu napasuliwa."

Mama Kuku akalainika papo hapo, akakaa, akapiga kelele, "POLE JAMANI! Basi mimi nimeshasema mtaa mzima kwamba umeanza kuringa. Ulimi hauna mfupa." Halafu akateta kidogo mambo yake, kwa kuwa huruma nayo ina mwisho. "Na mimi nina balaa langu. Yale madirisha niliyonunua kwa mwanao, mazuri, sikatai, lakini yule binti wa kazi alikuwa hajui kufuta. Ukungu kila siku! Nimemfukuza. Na huyu wa sasa naye vile vile, nadhani wametoka kijiji kimoja."

"Ukungu kama upi?"

"Ukungu, Bibi. Wa uvivu."

Neno lilimwingia Bibi, likakaa, lakini yeye alikuwa mtu aliyeshaambiwa haoni, na mtu aliyeambiwa hivyo huona haya hata kufikiri.

*

Alhamisi msusi alikuwa uani akimsuka mteja, maneno yakakolea, na sufuria la maharage likaungua. Moshi ulijaa jikoni ukahamia sebuleni. Bibi alikohoa, machozi yakamtoka, akavua ile miwani afute uso. Pumzi zilipozidi kumbana alifanya jambo ambalo katika nyumba hiyo hakuna aliyethubutu. Dhamana alishasema dirisha la maonyesho halifunguliwi. Ukilifungua, dhamana inavunjika. Bibi alishika mkono wa dirisha, akauvuta kwa nguvu zote, likafunguka.

Mtaa wote ulikuwa pale.

Rangi zote zilikuwepo. Fundi baiskeli na spana yake. Kamba ya nguo ya jirani, na shati moja lenye kwapa lililofumuka, mshono wa kijinga, uzi mbovu. Ukuta wa mbali kabisa, ng'ambo ya barabara, ulikuwa umeandikwa MARUFUKU KUKOJOA HAPA, na Bibi aliyasoma maneno hayo herufi kwa herufi, na akamwona pia bwana mmoja aliyekuwa anayapuuza.

Alilifunga dirisha. Ukungu. Akalifungua. Bwana yule alikuwa anafunga zipu. Akalifunga tena, akalifungua tena, akacheka peke yake ndani ya moshi, machozi yanamtiririka, na si ya moshi pekee.

Kisha akafanya kazi. Alipitisha kidole ndani ya kioo: kikavu. Akapitisha nje: kikavu. Kulikuwa na tone la maji linateremka, na kidole chake kililipita juu bila kuligusa, kwani lilikuwa katikati, baina ya kioo na kioo, pasipofikika kwa kitambaa cha mkwe wala kwa kisu cha daktari. Alifuata ukingo kwa ncha za vidole, kama alivyofuata pindo la sare maisha yake yote. Kwenye kona mpira ulikuwa umekauka, umesinyaa, umeacha mwanya. Pindo limefumuka. Chini ya fremu palikuwa na vitundu vya kutolea maji ya mvua, na fundi aliyelifunga dirisha alikuwa ameviziba vyote kwa silikoni, pengine kwa kudhani ni makosa ya kiwanda. Maji yaliingia, yakakosa njia, yakakaa humo yakiula mpira siku baada ya siku.

"Mkwe wangu!" aliita. "Njoo hima!"

Msusi alikuja mbio akidhani ameanguka. Bibi alimshika kidole, akakipitisha juu ya lile tone, ndani, kisha nje. Msusi alitazama. Akatazama tena. Halafu akakaa chini sakafuni na kitambaa chake.

"Mama," alisema, "nimefuta na majivu, Mama."

"Najua, mwanangu."

"Nimeitwa mvivu kwa ajili ya kitu kilichofungiwa ndani?"

"Wewe mvivu, mimi kipofu. Tumepata vyeo vyetu."

Walicheka mpaka mteja uani, nusu kichwa kimesukwa, akaja kuuliza kuna nini.

*

Bibi alimsubiri mwanawe kwa furaha ya mtoto. Alijua atafurahi. Mama yake haendi kupasuliwa! Nani asingefurahi?

"Baba, sina ugonjwa!" alimpokea mlangoni, miwani mkononi. "Ni dirisha! Mpira umesinyaa kwenye kona, maji yameingia kati. Macho yangu mazima!"

Dhamana alifunga mlango nyuma yake. Akasema, "Nani mwingine anajua?"

Bibi alibaki ameishika ile miwani. Alitegemea maneno mengi, hilo halikuwamo.

"Jumamosi anakuja mwenye maghorofa," Dhamana aliendelea, sauti ya chini, upesi upesi. "Jengo zima, Mama. Akitia sahihi nitabadilisha kioo hiki, naapa, nitawabadilishia na majirani. Ila akisikia habari za ukungu ndiyo basi tena. Nisaidie. Vaa miwani, kaa hapo hapo, kama kawaida. Mpaka Jumamosi tu."

"Na Jumatatu?"

"Kliniki tutaenda tu. Kupima si dhambi."

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akaenda kusugua sufuria lililoungua, na alilisugua kwa kelele nyingi.

Bibi alikubali. Msimcheke. Alikula katika nyumba hiyo, lakini hilo silo lililomfanya akubali. Alikubali kwa sababu mwanawe alisema "nisaidie", na alikuwa hajamwambia hivyo miaka mingi.

*

Mwenye maghorofa alikuja Jumamosi kwa miguu yake mwenyewe, mzee mwembamba wa makamo ya Bibi, suti imepwaya, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alikalishwa kwenye kochi. Dhamana alivuta pazia nusu na kuanza wimbo wake: kelele haipiti, vumbi halipiti. Mzee alisikiliza vizuri, akainuka, akalivuta pazia lote.

"Na huu ukungu?" aliuliza.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kibaya kikipata wakala mwenye miwani ya mbao, huuzwa pia. Dhamana alilitazama dirisha, akamtazama mzee, usoni hana hata chembe ya haya.

"Ukungu gani, mzee wangu?"

"Huu hapa. Mweupe."

"Mimi sioni ukungu." Akamgeukia mkewe. "Wewe unaona?"

Msusi alisema amesahau kitu jikoni, akaondoka.

Mzee alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. Akasogea, akarudi nyuma. Akafumba jicho moja, kisha jingine. Bibi alimwangalia kutoka kwenye kiti chake. Aliyajua yote yale. Alijua hatua inayofuata.

"Ajabu," mzee alisema polepole. "Mke wangu marehemu aliniambia nikapime macho, nikapuuza." Akamgeukia Bibi, kama wazee wanavyotafutana katika chumba chenye vijana. "Bibi, wewe je, unaona ukungu?"

"Mama hawezi kukusaidia," Dhamana aliwahi. "Ana mtoto wa jicho. Jumatatu anapasuliwa."

"Lo! Pole sana." Mzee alikaa kwenye kochi kwa uangalifu, akipapasa kwanza kwa mkono kama kochi lipo kweli. "Basi na mimi yameanza. Mambo haya hufuatana. Leo dirisha, kesho nitashindwa kusoma majina ya wapangaji wangu. Nipe hizo karatasi, kijana. Nionyeshe tu pa kutia sahihi."

Dhamana alimwekea kidole kwenye karatasi. Na Bibi, aliyekuwa amevumilia mkasi wake kuwekwa juu ya kabati na chai ya nusu kikombe, hakuweza kuvumilia kumwona mtu mzima wa rika lake akionyeshwa pa kutia sahihi. Kumbe alichokuwa amefanyiwa, kikitazamwa kwa mbali, kilikuwa na sura hii. Alivua miwani, akaiweka kwenye kiti, akaenda dirishani. Hakusema neno, mwenye macho haambiwi tazama. Alivuta mkono wa dirisha, akalifungua wazi.

Kelele, vumbi na joto vikaingia vyote kwa pamoja. Mzee aliinua kichwa.

"Marufuku kukojoa hapa," alisoma.

Bibi akalifunga.

"Ah," alisema mzee.

Bibi akalifungua.

"Marufuku kukojoa hapa!" Mzee aliyasoma mara ya pili kwa furaha ambayo maneno hayo hayajawahi kumpa mtu. Alikuja mwenyewe dirishani, akalifunga na kulifungua, akapitisha kidole ndani na nje. Kisha akamgeukia Dhamana, na furaha ikamtoka.

"Kijana, nilikuja kununua madirisha, ukataka kuniuzia upofu."

"Mzee wangu, dhamana ya miaka ku..."

"Nitatafuta kioo kimoja, cha zamani. Cha kufutika pande zote mbili." Alimpa Bibi mkono. "Ahsante, dada yangu. Na hayo macho yako usimwonyeshe mtu tena ovyo."

Alipotoka, Mama Kuku alikuwa nje ya uzio na trei la mayai, na alikuwa amesikia. Huko ndiko kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa unapitisha vidole kwenye vioo, ndani na nje. Mwalimu wa hesabu alikuja na kitambaa mkononi. Mke wa kinyozi alikuja na siki. Mama Kuku alikuja mwisho, hakugomba, aliuliza tu kama kuna mtu anajua kwao yule binti wa kwanza.

*

Dhamana alipiga simu kwenye kampuni, akaweka sauti nje ili majirani wasikie kwamba naye anagomba.

"Kioo kimevunjika?" iliuliza sauti tamu.

"Hakijavunjika."

"Basi hata dhamana haijavunjika, bwana."

"Lakini katikati kuna maji!"

"Katikati hatuuzi kitu. Katikati ni hewa. Dhamana ni ya kioo."

Mwalimu aliomba arudiwe maneno hayo, akayaandika kiganjani, akasema atawapa wanafunzi kama mfano wa sifuri.

Jumapili Dhamana alilishusha dirisha mwenyewe. Alikata silikoni kwa kisu, akatoa vile vioo pacha vilivyoloana, na mkewe akampokelea bila kusema naye. Alizibua vitundu vya maji kwa msumari, kimoja kimoja, yakatoka maji machafu ya miezi. Alipoanza kupachika mpira mpya aliuvuta ufike kona upesi.

"Usiuvute," alisema Bibi. "Lastiki ukiivuta wakati wa kushona, kesho inarudi kwao inakuacha wazi. Anza konani, isukume ndani taratibu."

Alifanya hivyo. Walipachika kioo kimoja cha kawaida mpaka atakapoweza kuagiza kingine. Kazi iliisha vizuri. Msusi alikifuta mara moja tu, kikang'aa, akakitazama kile kitambaa kama anakidai.

"Jumatatu sasa hakuna haja, Mama," alisema Dhamana, akikusanya vyombo.

"Tutaenda," alisema Bibi. "Nataka kuambiwa na mtu asiyeuza kitu."

*

Walikaa kwenye benchi la kliniki, kati yao pamewekwa pochi ya Bibi. Mbele yao wazee wenye plasta machoni waliongozwa na watoto wao. Dhamana alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Bibi.

"Nini?"

"Usinifanye mteja."

"Tangu mvua za kwanza," alisema Dhamana. "Hata kabla hujasema."

"Nilikuwa silali, mwanangu. Ulijua silali?"

"Nilijua."

"Na ungeniacha nilazwe pale, nipasuliwe jicho zima?"

"Hapana, Mama! Haki ya Mungu." Aligeuka, na sasa alikuwa na uso wa kweli, ule usiouza. "Nilijua daktari angekupima kwanza. Nilijua angeona mwenyewe kwamba huna kitu, akurudishe."

Bibi aliyatafakari hayo. Mgonjwa mmoja aliitwa, akaongozwa ndani.

"Kwa hiyo," alisema, "ile kazi ya kuwa mwanangu ulimwachia daktari."

Safari hii Dhamana hakutafuta jibu. Alifuta macho yake kwa mkono wa shati. Bibi alimwona vizuri sana. Aliona mvi zimeanza pembeni, aliona kola imechakaa na haijageuzwa, na hasira yake, aliyokuwa ameileta akiwa ameishikilia kwa mikono miwili, ikaanza kumchosha. Lakini hakuiachia.

Jina lake likaitwa. Dhamana aliinuka amshike mkono. Bibi akaingia mwenyewe, naye akafuata nyuma.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyechoka. Alimmulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akamsomesha ukutani, akamwambia atazame juu, chini, pembeni. Alichukua muda wake. Kisha akazima taa yake ndogo, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Macho haya mazuri kuliko yangu, Bibi. Nani aliyekwambia una mtoto wa jicho?"

Chumbani pakawa kimya. Dhamana alitazama sakafu.

"Nakwambia huna, Bibi," daktari alirudia kwa sauti kubwa, akidhani hakusikia. "HUNA MTOTO WA JICHO!"

"Ninaye, daktari," alisema Bibi, akimwonyesha Dhamana kwa kidevu. "Nilimzaa mwenyewe."

Daktari alicheka sana. Mwanawe hakucheka.